Kisima cha Mama Mchangani

Fundi akimwagia maji mchanga wa kuchanganyia saruji, ile harufu hunitoa nilipo. Hunirudisha Samuye, miaka ya sabini, kwenye mto wetu wa msimu.

Kiangazi mto ule haukuwa na tone la maji juu, lakini chini ya mchanga yalikuwamo. Kila mama alikuwa na kisima chake, shimo la kina cha mkono, kalizungushia miiba ng'ombe wasilikanyage. Cha mama yangu kilisifiwa kwa maji matamu, maana mchanga wake ulikuwa safi, hauna udongo. Alichota kwa kata, taratibu, akingoja maji yapande tena.

Nilikuwa na miaka minane lori lilipokuja kufuata mchanga wa kujengea mjini. Dereva akaniuliza mchanga safi uko wapi. Nani asingejua? Nikapandishwa juu, kichwa kimenivimba kwa fahari, nikawapeleka mpaka kwenye miiba ya mama. Jioni mama alinichana nywele, mchanga ukimmwagikia mapajani.

Malori yalirudi tena na tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalifika kiangazi kilichofuata. Mama alichimba mpaka mkono ukazama begani, akakuta udongo mweusi, mkavu. Ukingo nao ukamegeka, ukaondoka na nusu ya shamba letu la mtama. Akina mama wakawa wanafuata maji kijiji cha pili, wanarudi jua limeshapinda.

Mimi mama hakunituma hata siku moja. Wasichana wenzangu walijitwika madebe wakafuatana na mama zao. Mimi nilibaki nyumbani nikicheza rede na watoto wadogo, nikijiona mtoto wa kupendelewa. Roho iliniuma kwa ajili ya kisima, lakini nilinyamaza.

Mama alikuwa ameshazeeka, akiishi kwangu Ngokolo, nilipojikaza nikamwambia kwamba ni mimi niliyewaonyesha. Hakushtuka.

"Nilijua siku ile ile nilipokuchana," alisema. "Wenzangu hawakujua. Njia nzima walikuwa wanamlaani aliyelileta lile lori pale. Sikutaka uyasikie, mwanangu."

Kumbe kiangazi chote kile alikwenda na kurudi, debe kichwani, akisikiliza mwanawe akilaaniwa, asijibu neno.