Mabati ya Kinkumbi

Kiti cha Mweka Hazina wa halmashauri kilikuwa cha mninga, na mto wake wa ngozi ulikuwa umeachwa na Mwingereza aliyeondoka mwaka mmoja baada ya Uhuru. Yeremia Lyanga alipewa kiti hicho, akawa Mwafrika wa kwanza kukikalia. Alikuwa nacho miaka tisa, na wanaomkumbuka wanasema hakuwahi kukaa juu yake asubuhi nzima.

Alikuwa mtoto wa mkulima wa mtama wa Misigiri. Alisomeshwa na misheni, akafundisha shule ya msingi kidogo, kisha akapelekwa Mzumbe kujifunza hesabu za serikali za mitaa. Mwili wake ulikuwa mwembamba na mikono yake haikutulia. Akiwa anasoma makadirio ya mapato alikuwa akizunguka meza. Halmashauri ikinunua pampu ya kisima, alipanda Landrova kwenda kuiona ikivuta maji. Ikijenga daraja, alilivuka kwa miguu kwenda na kurudi. Mkewe, Luciana, alikuwa akimwambia, "Baba Elina, wenzako wanaletewa taarifa mezani. Wewe kwa nini huamini mpaka ukanyage?"

"Fedha ni za watu," alikuwa akijibu huku anatafuta kofia.

Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa. Watu walicheza ngoma, na Yeremia naye alifurahi, maana aliwahi kumwona baba yake akifungwa kamba kwa ajili ya kodi hiyo. Lakini aliporudi ofisini alikuta hazina imebaki ikitegemea zaidi ushuru wa minada ya ng'ombe. Kisha mwaka 1971 ukaingia ugonjwa wa midomo na kwato. Minada ikafungwa wilaya nzima, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini.

Mwezi wa Julai Yeremia alisimama mbele ya madiwani akawaeleza hali. Ama zahanati zilizopo ziendelee kupata dawa na wauguzi walipwe, ama yanunuliwe mabati ya zahanati mpya ya Kinkumbi, kijiji cha ujamaa kilichokuwa mbele ya Kinyangiri. Vyote viwili haviwezekani. Ushauri wake ulikuwa mabati yasubiri. Madiwani walibishana, wakaukubali. Diwani wa Kinkumbi, Idrissa Mpinga, alikunja mwavuli wake akatoka.

Yeremia aliona ule ulikuwa uamuzi sahihi, akaendelea na mambo mengine.

Siku moja mwishoni mwa Novemba mlango wa ofisi yake uligongwa, akaingia mama mmoja mwenye kanga mbili na vumbi jekundu mpaka magotini. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili waliovua kofia zao.

"Shikamoo, mama," Yeremia akasema, akainuka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Dorika. Tumetoka Kinkumbi. Tumekuja kuuliza lori la mabati linakuja siku gani, maana kuta tumemaliza na mawingu yameanza kukaa."

Yeremia alibaki amesimama. "Kuta mmemaliza?"

"Tumemaliza! Vyumba vinne na baraza. Wanawake tumesomba maji, wanaume wamefyatua matofali. Hata sherehe ya Saba Saba hatukwenda, tulikuwa kazini."

"Mama, diwani wenu hakuwaambia kitu?"

"Diwani alituambia tusubiri. Ndiyo tunasubiri."

Yeremia alitazama ukutani, palipotundikwa ramani ya wilaya. Wanaume wale wawili walimtazama yeye. Angeweza kuwapa jibu palepale wakarudi nalo, nao wangekuwa wamejibiwa. Lakini ulimi haukumtii. Akasema, "Mama, nitakuja mwenyewe. Kesho."

Usiku ule Luciana alimsikia akifungua na kufunga dirisha, anatazama mbingu.

Asubuhi alimwambia dereva wa halmashauri, Marko, wapitie nyumbani kwa Idrissa. Walimkuta anakula uji. Alipoiona Landrova alijua. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye duka dogo, lakini siku hiyo aliingia garini kama anayepelekwa mahakamani.

"Kwa nini hukuwaambia, Bwana Idrissa?" Yeremia aliuliza walipokuwa wameiacha barabara kuu.

"Nilikwenda kuwaambia. Nawaapia, nilikwenda. Nikawakuta wanaimba, wamepanga matofali, wazee na watoto. Mdomo ukafunga. Nikawaambia wasubiri, nikijisemea nitarudi wiki ijayo, pengine minada itafunguliwa. Wiki ijayo nikakuta ukuta umefika kiunoni. Ukifika kiunoni utamwambiaje mtu?"

Yeremia aligonga gonga goti lake kwa vidole mpaka Marko akamtazama.

Kinkumbi ilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa mistari, mpya, nyingi zikiwa tembe za udongo zenye paa bapa. Katikati yake zilisimama kuta za zahanati. Zilikuwa ndefu na zimenyooka, za matofali mabichi, madirisha yamewekwa vizingiti vya mti mgumu. Juu palikuwa wazi, na kwa mashariki mbingu ilikuwa imeiva kama chuma. Yeremia alizizunguka zile kuta mara moja, akaingia ndani, akapapasa ukuta kwa kiganja. Mtu alikuwa ameshaanza kupiga chokaa chumba cha kujifungulia.

Watu walikusanyika wenyewe bila kuitwa. Waliketi chini, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Yeremia alisalimia, akakataa kiti, akasema moja kwa moja.

"Ndugu zangu, mabati hayaji mwaka huu. Minada imefungwa na halmashauri haina fedha. Ilikuwa lazima tuchague, na mimi ndiye niliyeshauri kwamba ya kwenu yasubiri."

Dorika ndiye aliyesimama.

"Mlichagua lini?"

"Mwezi wa saba, mama."

"Mwezi wa saba ukuta huu ulikuwa hapa." Aliinama akagusa kifundo cha mguu. "Ungetuambia, tungeacha. Au tungefanya namna nyingine. Nani alikuwa atuambie?"

Macho yote yalihamia kwa Idrissa. Idrissa alikuwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Kijana mmoja akapaza sauti, "Huyu mnafiki! Amekula ubwabwa wetu miezi yote hii!" Wanaume kadhaa wakainuka.

Yeremia baadaye alimweleza Luciana kwamba pale palikuwa na nafasi ya kujiokoa. Ilibaki kunyamaza tu. Lakini alikuwa amekumbuka pampu zote na madaraja yote aliyowahi kwenda kuyatazama, na akaona kwamba kila safari yake ilikuwa kwenda mahali ambapo kitu kilinunuliwa. Mahali kiliponyimwa hakuwahi kufika.

"Kaeni, ndugu zangu," akasema. "Diwani alishindwa kuwaambia kwa sababu niliacha mzigo wangu akaubeba yeye. Ushauri ulikuwa wangu. Nilikuwa na gari na dereva. Ningefika hapa kwa siku moja tu. Sikuja."

"Basi ondoka nalo hilo gari lako," kijana yule akasema. "Umeshasema, nenda."

Dorika alikuwa anatazama mashariki. "Mvua haitasubiri mkutano," akasema.

Tone la kwanza lilipiga vumbi, zito, na harufu ya udongo ikapanda. Mkutano ukavunjika bila kufungwa. Kila mtu alikimbilia kwake kutafuta kitu cha kufunikia kuta: ngozi za ng'ombe, mikeka, magunia, mabua ya mtama. Yeremia alimgeukia Marko.

"Vua turubai la gari."

"Bwana Hazina, hilo ni mali ya serikali. Likichanika nitaulizwa mimi."

"Nitaulizwa mimi. Vua!"

Walilipandisha yeye na Idrissa, mmoja upande huu wa ukuta, mwingine upande ule, viatu vikiteleza kwenye tope. Mvua ilishuka kama inamwagwa. Upepo ulizing'oa ngozi, watu wakazikalia kwa miili yao, wanawake wakiwa wamepanda juu ya kuta kama wamepanda punda. Ilikuwa mvua fupi, kama zilivyo za mwanzo. Lakini kabla haijakatika, ukuta wa mashariki ulitoa mlio kama wa mtu anayekohoa, ukalala wote nje. Waliokuwa juu yake waliruka. Mzee mmoja alivunjika mkono.

Mvua ilipoacha, watu walisimama kwenye maji wakitazama. Idrissa alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima, na hakuna aliyemkemea. Yeremia alimsaidia mzee kupanda garini, akamwagiza Marko ampeleke Kinyangiri kwa mganga wa misheni na asirudi mpaka amehudumiwa.

"Na wewe?" Marko akauliza.

"Mimi nipo."

Jioni walimpa ugali na mlenda nyumbani kwa Dorika. Alikula kidogo. Kisha akauliza, nusu akijisemea mwenyewe, "Hivi lazima iwe bati?"

Dorika alicheka kwa mara ya kwanza. "Umelala tembe wewe tangu kuzaliwa, unaniuliza mimi? Bati mlilitaka ninyi. Ramani ililetwa na ninyi, imeandikwa bati."

Kesho yake wanaume waliingia msituni kukata nguzo. Paa la tembe haliwezi kukaa juu ya nyumba pana kama ile bila nguzo za katikati, kwa hiyo ilibidi vyumba vigawanywe upya. Waliokuwa wamejenga nyumba nyingi zaidi walibishana, Yeremia akachimba mashimo. Ukuta ulioanguka waliujenga kwa fito na udongo. Boriti zikapanda, juu yake matawi, juu ya matawi majani, juu ya majani udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Kijana aliyemfukuza alikuwa akimpokeza udongo bila kumwangalia usoni.

Yeremia alirudi ofisini akiwa na malengelenge na turubai lililochanika. Ofisa mtendaji alimwita mbele ya makarani. Kuondoka ofisini siku zote hizo wakati wa kuandaa makadirio! Kuharibu mali! Kuidhinisha jengo la serikali lenye paa la tembe! Yeremia alikatwa mshahara kulipia turubai na kupewa onyo. Zahanati ilifunguliwa mwezi wa Februari bila hotuba. Muuguzi alilalamika kwamba udongo unadondokea sahani za dawa, wakamtandikia shuka darini.

Mwaka huohuo, 1972, serikali ilitangaza kwamba halmashauri za wilaya zinavunjwa, na mipango itatoka mkoani. Yeremia alikabidhi funguo za sefu kwa mtu asiyemjua, akahamishiwa Singida mjini, akawa mhasibu mmoja kati ya wengi kwenye ofisi yenye feni. Gari hakuwa nalo tena. Luciana anasema miezi ile alikuwa kama mbuzi aliyefungwa. Aliamka, akakaa, akaamka, akatembea hadi ziwani Singidani na kurudi, na chakula kikapoa mezani. Mabati ya Kinkumbi yalipelekwa miaka miwili baadaye kwa fungu la mkoa. Hakualikwa kuyaona.

Ndipo siku moja likapita mezani kwake jalada la kijiji kimoja upande wa Mgori. Walikuwa wameahidiwa kisima, na sasa kisima kimehamishiwa kwingine.

"Nani amekwenda kuwaambia?" akamuuliza mkubwa wake.

"Watapelekewa barua, Ndugu Lyanga. Kwa nini unauliza?"

"Wanachimba saa hizi?"

"Nitajuaje mimi?"

Jumamosi Yeremia alivaa viatu vya shamba, akapanda lori la wanunuzi wa karanga mpaka njia panda, akamalizia kwa miguu. Alirudi Jumapili jioni, kola imechanika kidogo. Luciana alikuwa anachagua mchele barazani.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamenitukana," akasema, akaketi mkekani karibu naye, akanyoosha miguu. "Sana. Kuna kitu cha kula?"