Sinia la Wakwe

Nilikuwa mnene, na watu wa Tabora waliupenda unene wangu kuliko nilivyoupenda mwenyewe. Mume wangu alitembea nami sokoni kifua mbele, maana mashavu yangu yalitangaza kwamba duka lake la vitambaa linauza. Kisha sukari ikapanda, magoti yakagoma, na daktari akaniandikia sindano ya kila wiki: dawa inayoiga homoni ya shibe, hamu inapungua na chakula kinakawia tumboni. Alinionya nile kidogo kidogo na nijiepushe na mafuta. Sindano naiogopa, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyenichoma kila Ijumaa.

Kilo zikaondoka, midomo ikafunguka. Hapa mtaani kwetu Cheyo mtu hakondi hivi hivi. Majirani walinijulia hali kwa sauti ya msibani. Mmoja aliniletea asali. "Upate nguvu, dada. Siku hizi hata hao wanaishi miaka mingi."

Hao wenye virusi! Nilimweleza habari ya sindano, akacheka sana. Nani achomwe sindano ili asile?

Ndipo ikaja posa ya binti yangu. Kijana alikuwa wa Igunga, walisoma chuo pamoja, na tangu alipotuma mshenga mwanangu alikuwa akiimba jikoni. Wakaja wanawake wa upande wa mvulana, shangazi yake mbele. Kwetu mama wa binti hula sinia moja na wakwe, na mkono wake hautoki kabla ya mikono ya wageni. Ukiutoa mapema, umewafukuza.

"Mama, usile," binti alininong'oneza. "Waambie unaumwa."

Niwaambie naumwa! Si ndilo walilokuja kulitafuta? Nikakaa.

Pilau ya mbuzi iling'aa mafuta. Tonge la tatu tu, nikawa nimeshiba hadi kooni. Shangazi hakuwa na haraka. Alinisogezea mnofu, akasema, "Kula, mwenzangu, mbona umekwisha hivi?" Nikala kwa ajili ya mwanangu, nikimchukia yule mwanamke kila alipochota tena. Walipotoa mikono nilikwenda chooni, na choo chetu kimepakana na sebule. Walinisikia nikitapika chote.

Niliporudi niliwaeleza ukweli, hata dawa yenyewe nikawaonyesha. Shangazi aliitazama, akajitanda mtandio wake vizuri. "Mungu atakuponya," akasema.

Jibu lililetwa na mshenga: wamesita, wanaogopa damu ya ukoo wetu. Nilikuwa tayari kupimwa damu mbele yao, lakini hawakupokea simu. Mume wangu akataka niache sindano ninenepe kwanza. Nikamwambia anenepe yeye.

Miezi ikapita. Juzi simu ikaita, shangazi yule yule, sauti tamu. "Shoga, kumbe ni kweli! Na mimi daktari ameniandikia ile sindano yako. Hebu nieleze, inachomwaje?"

Nikamuuliza habari za kijana wao.

"Aa, huyo tumeshamwozesha."

Binti yangu alikuwa kaketi ubavuni mwangu, amesikia yote. Akaichukua simu.

"Shikamoo, shangazi," akasema. Akamweleza kwa adabu zote mahali pa kuchoma tumboni, na kwamba asichomoe sindano haraka, na kichefuchefu cha mwanzo kisimtishe. Shangazi akamshukuru sana, akamwombea Mungu ampe mume mwema.

Mwanangu akaitikia amina, akanirudishia simu, akaingia chumbani kwake na kujifungia.