Taksimu Niliyoikariri

Nakumbuka alasiri moja ya harusi Jang'ombe, siku zile za foleni ya mchele, mimi kijana wa miaka ishirini, fidla kwapani, najiona hapana mfano wangu Unguja nzima. Mwanangu, usicheke. Na wewe utazeeka.

Kazi yangu siku ile katika klabu yetu ya taarabu ilikuwa kupiga taksimu, ule upigaji wa peke yako kabla ya wimbo, usioandikwa wala kupangwa. Mpigaji huutunga palepale ili amwoneshe mwimbaji njia. Lakini mimi sikuwa natunga. Miezi mitatu nilikaa kwa mjomba wangu Malindi, mbele ya gramafoni, nikakariri taksimu moja ya kwenye santuri mpaka nikaiota. Kutunga papo kwa papo nilikuogopa, na sikutaka mtu aijue hofu yangu.

Mwimbaji wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo mwenye sauti tamu na staha zake. Siku ile mafua yalimshika. Akaniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, leo sauti haipandi. Niteremshie, tena unisubiri kidogo nivute pumzi."

"Naam, Bi," nikamjibu.

Lo! Naam ya nini, na mimi njia nnayo moja tu? Nikaipiga ileile, juu kulekule, kwa urefu uleule. Bi Zuhura akaingia, sauti ikamkatika kwenye ubeti wa kwanza. Nyuma huko mwanamke mmoja akaangua kicheko. Bi Zuhura akajifunika uso kwa mtandio, akakaa kitako.

Maalim Khamis, mwalimu wetu, akaudaka udi wake, akagusa nyuzi, akatengeneza njia nyengine ya chini, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ale, mpaka Bi Zuhura akainuka akaimba. Harusi ikasalimika. Lakini tulipokuwa tunaondoka nilimsikia Bi Zuhura akimwambia Maalim, "Huyu asinipigie tena." Wallahi nililia njia nzima.

Siku ya pili yake Maalim akaniita klabuni. "Nipigie taksimu ya jana." Nikapiga. Nilipofika katikati akanisimamisha. "Hapa. Hii kwikwi umeitoa wapi?"

"Ndivyo ilivyo kwenye santuri, Maalim. Mpigaji anarudia mara tatu, halafu anaruka."

Akanitazama, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Baba wee! Hiyo sahani imechubuka, sindano inaruka! Umehifadhi mpaka mchubuko!"

Nilitamani ardhi inimeze. Alipomaliza kucheka akasema kwa upole, "Nguo ya kuazima, Haji, haisitiri matako. Jana imekuvua wewe, na Bi Zuhura wa watu pia."

Tangu hapo santuri ikawa marufuku. Akanipa sauti tatu tu za kutungia: yeye anauliza kwa udi, mimi nijibu kwa fidla. Nikisitasita ananitania, "Mtu akikupa shikamoo, unakimbilia gramafoni kutafuta marahaba?" Mara apige kwa hasira ili nimtulize, mara anyamaze ghafla aone ntafanya nini. Nilikosea, tena vibaya, na kila nilipotaka kuacha alisema, "Kosea, mimi nipo. Kosa ukilizunguka vizuri ni njia." Ah, siku zile! Nazitamani mpaka leo, na wengi wa waliokaa kwenye viti vile vya klabuni wamekwenda mbele ya haki.

Miezi ikapita. Maalim akamwomba Bi Zuhura aje anisikilize mara moja tu. Akinikataa, basi kiti changu apewe mwengine. Akaja.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba," akaitikia, kavu.

Nikaanza. Safari hii sikuvitazama vidole vyangu, nilisikiliza pumzi zake. Katikati kidole kikateleza kwa jasho, sauti ikatoka siyo. Zamani ningesimama. Nikairudia ileile, nikaizunguka, nikaiteremsha mpaka chini. Bi Zuhura akasafisha koo, mimi nikamsubiri, nikamzungushia mara nyengine. Akaingia kwa raha zake.

Alipomaliza akanigeukia, akasema, "Leo umenisikia." Basi, ni hayo tu. Nimesifiwa pengi baada ya hapo, lakini sifa iliyonitoa machozi ni ile.

Sasa mwanangu, nnakuona na simu yako ukikariri taksimu za watu. Sikukatazi, wakubwa lazima wasikilizwe. Lakini akili za kuambiwa changanya na zako. Kila siku, kabla ya wimbo uliofundishwa, chukua sauti mbili tatu utunge chako, hata kiwe kibovu. Na utakapokuja kufundisha, waache wanafunzi wakosee mbele yako, wasije wakakosea mara ya kwanza mbele ya watu.

Mwenyezi Mungu akufungulie masikio kabla ya vidole, akupe umri na subira, na asiaibike mtu kwa mkono wako. Amin.