Jiwe Lililofunga Bustani ya Nyuma

Ijumaa nilikuwa nimepiga magoti, nang'oa magugu kwa vijiti vya kulia, na jiwe lilikuwa limetufungia njia kwa siku ya tano.

Ndiyo, vijiti vya kulia. Kibano changu kilipotea Jumatatu. Usinicheke.

Natunza bustani ya hekalu dogo hapa Kyoto. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama na kuharibu.

Jiwe lenyewe lina ukubwa wa ngumi, limefungwa kamba nyeusi. Kwenye bustani za Japani ni alama: ukilikuta njiani, hupiti. Halina mlinzi wala kufuli. Unageuka tu, wewe na adabu zako.

Jumatatu mchana nililikuta kwenye njia pekee ya kwenda bustani ya nyuma.

Huko ndiko kuliko na kuvumwani, vimea laini vinavyotambaa ardhini, zulia la kijani alilolipanda marehemu mama yake Osho, mkuu wa hekalu letu. Wageni huliona siku moja tu kwa mwaka. Jumapili hii.

Na ni Agosti. Jua linachoma kama linalipa kisasi. Bila maji kila asubuhi, zulia linakufa.

Sikupita. Osho akiweka jiwe, ana sababu zake.

Alhamisi nilimkuta akiwahubiria wageni mbele ya jiwe hilohilo. "Njia iliyofungwa inatufundisha subira." Mmoja alifuta machozi.

Nikamnong'oneza mkewe, Bi Tsuyako. "Mama, kule nyuma hakumwagiliwi?"

"Si mmeweka jiwe? Nikadhani kuna nyigu."

"Sisi nani?"

"Wewe na Osho wako. Mimi nani hapa, si mpika supu tu?"

Kumuuliza Osho mwenyewe? Thubutu. Afadhali uingie chumbani kwake na viatu.

Basi Ijumaa hiyo akaja mama mmoja wa Osaka, blauzi ya madoa ya chui, sauti ya tarumbeta.

"Fundi! Huku kuna nini?"

"Hakupitiki, mama."

"Nani kasema?"

Nikaonyesha jiwe kwa kijiti.

"Jiwe ndilo limesema?" Akaliinua kama anachagua kitunguu sokoni.

Osho akatoka mbio, joho linapepea. "Mama, tafadhali! Fundi kaliweka, ana sababu zake!"

"Mimi?" nikasema. "Si wewe, Osho?"

"Nilijua ni wewe!"

"Na yale mahubiri ya subira?"

Akakohoa.

"Haya, na hiki cha nani?" akauliza mama wa Osaka.

Pale jiwe lilipokuwa, kibano. Kimechongwa jina: Nagase.

Nagase ni mimi.

Kumbukumbu ikarudi, taratibu, bila huruma. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimebeba jiwe lile nikalibadilishe kamba. Nikaitwa getini kupokea changarawe. Nikaweka kibano chini, nikakigandamiza kwa jiwe, nisije nikakipoteza.

Mtu mwangalifu sana mimi.

Bi Tsuyako alicheka mpaka akashika nguzo. "Wanaume wawili, jiwe moja!"

Kule nyuma hatukucheka. Nusu ya zulia ilikuwa rangi ya majani ya chai yaliyoungua. Osho akapiga magoti, akalipapasa kwa kiganja. "Mama yangu angenichapa," akasema polepole. Kisha akaenda kuchota maji mwenyewe.

Aliporudi, alilirudisha jiwe njiani. "Jumapili hakuna wageni. Sasa lina sababu."

Ndugu yangu, ukikuta njia imefungwa, uliza nani kaifunga. Usiogope jibu, hata likiwa jina lako.

Hadi jioni tulikuwa tumeondoa robo tu ya sehemu zilizokufa. Zilizobaki ni za kesho.

Kibano nimekifunga kiunoni. Kwa kamba nyeusi.