Mshipa wa Mtu wa Bukima

Nimechoka kusimulia habari za mdogo wangu, ila watu bado wananiuliza, basi.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni kwa foleni, hospitalini unakwenda na glovu zako mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa mrefu, mwembamba, vidole virefu mpaka tulikuwaga tunamtania kwamba atachuma mapapai bila kupanda. Kazi yake kupakia marobota ya pamba kule Bunda. Siku moja akaishiwa pumzi, akaanguka kando ya lori, wakamrudisha kwetu Butiama midomo imempauka.

Tukampeleka hospitali ya Musoma kwa baiskeli ambayo tairi zake tulizijaza majani. Nilisukuma mpaka magoti yakagoma. Pale tukamkuta daktari mmoja, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, anatafiti koo ambazo watu wake hufa ghafla. Akatueleza taratibu: kuna mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, wengine wanazaliwa ukuta wake dhaifu, unatanuka, mwisho unapasuka. Ni wa kurithi. Mtu akiwahiwa, anapigwa picha ya moyo Dar, akistahili anapelekwa nje kushonewa kipande kipya. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo alichukua tu wale ambao mzazi wao alikufa hivyo.

"Niletee mkubwa wa nyumba yenu," akaniambia.

Mkubwa wa nyumba alikuwa Bibi. Hapa wageni huchanganyikiwa, ngoja nieleze. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe zake akamwoa mama yangu, ndiyo desturi yetu. Mama akazaa na wanaume wa nje, sisi tukawa watoto wa nyumba ya Bibi. Aliyekuzaa hatajwi, hasa mbele ya aliyetoa ng'ombe.

Basi nikamleta Bibi, na Mama akafuatana nasi. Daktari akamuuliza Bibi baba wa kijana alikufaje.

"Baba yake ni mimi," Bibi akasema, "na sijafa."

Daktari akadhani anataniwa. Akauliza habari za ukoo. Bibi akamjibu kweli tupu: kwetu watu wanazeeka mpaka wanachosha. Basi daktari akasema pole, kijana huyu haingii kwenye utafiti wake. Tukageuza baiskeli.

Njiani, Bibi ametangulia, Mama ndipo akaniambia. Aliyemzaa mdogo wangu alikuwa mvuvi wa Bukima, mrefu vile vile, alianguka akivuta nyavu akafa hapo hapo.

"Jamani, Mama! Na ulikuwa umekaa kimya pale?"

"Nikimtaja mimi, ng'ombe za Bibi zimetoka bure. Aseme mwenyewe."

Hasira ilinipanda, nikamfuata Bibi nikamwambia yote bila kupunguza neno. Siku hiyo hakula. Asubuhi akachukua fimbo yake, akasema, "Twende kwa huyo daktari wako."

Alipofika hakukaa hata kwenye kiti. "Andika mvuvi wa Bukima. Yeye ndiye alimzaa." Alisema akiangalia ukuta. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea Bibi siku ile.

Picha ya Dar ilionyesha mshipa umetanuka. Mdogo wangu akawekwa kwenye foleni ya kupelekwa nje, lakini nchi haikuwa na fedha za kigeni, tukaambiwa tusubiri. Akapewa vidonge, asinyanyue kitu kizito. Vidonge vikaisha, vikapatikana, vikaisha. Kusubiri kunachosha kuliko kulima. Baadaye ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara, maduka ya Mwisenge pale Musoma yakafurika sabuni za kunukia na mitumba, hata vidonge vile vikawa vinauzwa kama peremende. Habari ya safari haikuja. Alikufa asubuhi moja, akifunga kiatu.

Ndugu wa yule mvuvi walikuja msibani. Daktari alikuwa amewafikia na wao kuwapima, ndivyo walivyojua. Warefu watupu, wapole. Pale kaburini mkubwa wao akaomba atupe yeye udongo wa kwanza, maana marehemu ni damu yao, na mwenye haki hiyo ni baba.

Bibi akampita, akainama kwa tabu, akajaza mkono udongo.

"Mshipa ni wenu," akamwambia. "Mtoto ni wangu."

Akautupa.