Mafuta ya kuku chini ya kibandiko cha uyoga

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Julienne ameshika pakiti ya biskuti juu ya mvuke wa birika. Anahesabu hadi ishirini, kisha anaingiza ukucha chini ya kibandiko cheupe. Kinachanika katikati.

"Gundi hii ungeezekea nyumba," anasema, na kuirudisha pakiti kwenye mvuke.

Mezani kwake, mtaa wa Kisugu jijini Kampala, kuna bidhaa thelathini na moja za dukani: sosi ya soya, mikate, siagi ya mimea, unga wa viungo. Ishirini na mbili zimekwisha kukaguliwa.

Julienne, mwenye miaka 44, ambaye wateja wake humwita Mama Arsène, alitoka Bukavu, Kongo, miaka kumi na miwili iliyopita. Huwapikia watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, iwe nyama, maziwa au mayai. Sahani moja ni shilingi elfu saba. Nusu ya mapato yake hutoka kwa Wasabato thelathini na watano walioamua kula hivyo. Chakula chao hukipika Ijumaa kabla jua halijatua, kwani siku ya Sabato hawawashi jiko.

Kwa miezi minane aliwakolezea maharage na sombe, yaani kisamvu, kwa vidonge vya mchuzi wa uyoga. Kibandiko cha mwagizaji kilitaja chumvi, viungo na uyoga, basi. Mwezi uliopita pakiti moja ililoa kwenye karai, kibandiko kikabanduka. Chini yake palikuwa na orodha ya kiwandani kwa Kifaransa, lugha aliyosomea shuleni. Kitu cha nne kilikuwa mafuta ya kuku.

"Nilisoma mara tatu, nikakaa chini," anasema. "Sasa mtu wa Kampala asiyejua Kifaransa afanye nini? Aote?"

Alikwenda mwenyewe kumwambia Mwalimu Nabangala, anayeongoza kundi la Wasabato hao.

"Angenyamaza nisingejua, ndiyo maana sikumfukuza," anasema mwalimu huyo. "Lakini watu waliumia. Nikamwambia, Mama Arsène, kagua kabati lote, kitu kimoja kimoja. Ijumaa saa nne asubuhi nakuja kuangalia. Kama hujamaliza, tutatafuta mpishi mwingine."

Katika soko la Nakivubo, alikonunua vidonge hivyo, muuzaji Kamis alimcheka, akimwita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, kwenye picha umeona kuku?"

"Picha haipikwi, Kamis."

"Mimi nauza katoni, sisomi katoni."

Kusema haki, katoni humfikia Kamis zikiwa tayari na vibandiko. Nani anayevibandika juu ya orodha, na kwa nini, hajui.

Tatizo jingine ni namba. Siagi ya mimea anayokandia chapati ina E471, kiungo kinachoweza kutokana na mimea au na mafuta ya mnyama. Kopo halisemi. Julienne anapiga namba ya mwagizaji kwa mara ya tano, safari hii mbele ya mwandishi.

"E471 yenu inatoka kwa mmea au kwa ng'ombe?"

"Inatoka Mombasa, madam."

Anaweka simu chini polepole. Angeweza kuandika alama ya vema kwenye daftari lake, na hakuna ambaye angegundua. Anaandika alama ya kuuliza, anaondoa kopo mezani. Chapati za kesho atazikanda kwa mafuta ya alizeti.

Juu ya paa la bati, uyoga alioukatakata unakauka chini ya chandarua. Anataka kuusaga na kuuchanganya na chumvi na kitunguu, aachane na vidonge kabisa. "Wangu utakuwa hauna kibandiko," anasema. "Nitaandika kwa mkono, vitu vitatu."

Saa kumi na moja jioni mkaa unaisha. Biskuti zimepona, lakini mkate mmoja umekutwa na unga wa maziwa. Bidhaa nne bado, na kesho mwalimu anakuja. Julienne anazipanga kando ya birika, vibandiko vikitazama juu, analijaza maji ya asubuhi na kufunga daftari.