Alkoli ya Jokébed Ndani ya Tanki la Misheni

Éliakim Kambere alipewa leseni yake ya udereva mjini Beni tarehe 12 Mei 1986, na kwa miaka kumi na mitano iliyofuata hakuacha gari njiani hata mara moja. Alilisema hilo bila majivuno, kama mtu anavyotaja kijiji alikozaliwa.

Mwaka 2001 alikuwa akiendesha jeep ya kituo cha afya cha Waprotestanti huko Manguredjipa, kwenye msitu wa dhahabu magharibi mwa Lubero. Gari lilikuwa hilo hilo moja. Kituo hakikuwa na daktari wa kupasua, kwa hiyo mgonjwa wa kisu alipelekwa Butembo: mchimbaji aliyeangukiwa na udongo, mzee mwenye ngiri iliyojikaza, na zaidi ya wote, wanawake ambao uchungu umewashinda. Njia ilikuwa ya matope na mlima. Bila gari, mgonjwa alibebwa kwa tipoy, yaani kitanda cha miti mabegani mwa wanaume wanne, na wengi waliobebwa hivyo walirudi nyumbani kabla ya kufika, wamefunikwa nguo.

Vita ilianza kuwauma kupitia tanki la gari. Petroli, ambayo huku huitwa esanse, iliingia kwa malori kutoka mpakani Kasindi, ikapita Beni, ikapanda Butembo, kisha ikashuka msituni kwa bidoni, yaani madumu. Kila kundi lenye bunduki na kamba ya kufunga njia lilichota fungu lake. Kufikia katikati ya mwaka ule, wiki nzima ilipita bila bidoni hata moja kufika Manguredjipa, na zile zilizofika zilikwenda kwanza kwa wanunuzi wa dhahabu.

Wazo la kuchanganya lilitoka kwa Hénock, fundi wa maabara aliyeletwa na serikali kutoka Kasai kabla ya vita, akakwama. Maabara ilikuwa ikinunua pombe ya kusafishia vyombo kwa Jokébed, mjane mpika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, aliyeishi ng'ambo ya kizuizi cha askari, kwenye njia ya Butembo. Hénock alimwomba aipike mara tatu, ailaze juu ya chokaa iliyochomwa ili chokaa inyonye maji, kisha aipike mara ya mwisho.

Jokébed alicheka mpaka akashika kiuno. “Miaka yote munanihubiria niache kupika. Leo munakuja kuniomba nipike mara ine!”

“Hii si ya kunywa, mama,” Hénock alisema. “Ni ya gari.”

“Basi gari yenu imeokoka vibaya.”

Kilichotoka kwake hakikuwa tena kanyanga. Kilikuwa alkoli kavu, nyepesi, iliyokauka kiganjani kabla mtu hajaifuta. Hénock alimwaga kidogo katika chupa nyeupe, akaongeza petroli mara nne yake, akatikisa, akaisimamisha dirishani.

“Angalia, Papa Éliakim. Ikibakia kitu moja, endesha. Ukiona mustari katikati, iko na maji. Ile hapana kuweka mu tanki.”

Mstari haukuonekana. Éliakim aliendesha.

Je, mchanganyiko ule ulifaa? Kwa miezi kadhaa jibu lilikuwa ndiyo, pamoja na kasoro zake. Asubuhi za baridi kule Butembo injini ilikohoa sana kabla ya kuwaka. Bomba la mpira la kupitishia mafuta lililainika, ikabidi alibadilishe. Gari lilikula zaidi kidogo kuliko lilipokunywa petroli tupu, na mlimani lilitaka gia ya chini mapema. Lakini petroli tupu haikuwepo. Kidogo kilichopatikana kilienda mbali zaidi, na wanawake walifika Butembo wakiwa hai.

Tatizo lilikuwa harufu. Jeep ilipopita sokoni, vijana walipiga miluzi: “Misheni imelewa tena! Mushikilie, itaanguka!” Mzee Manassé, mkuu wa baraza la kanisa, mkulima wa kahawa aliyekuwa na sauti ya chini na msimamo wa jiwe, hakucheka. Aliitisha baraza. Halikukataza alkoli, kwa sababu mabinti wa wazee nao walizaa. Liliweka masharti. Jéthro, msukuma chukudu wa kanisa, angeifuata kwa Jokébed na hiyo baiskeli yake ya mbao. Kifuniko cha bidoni kingezibwa kwa nta ya mshumaa palepale. Bidoni isingefunguliwa popote ila juu ya mdomo wa tanki, na yote ingemwagwa kwa mara moja. Chupa ya kupimia ilipigwa marufuku.

“Leo munapima na chupa,” Manassé alisema. “Kesho tutamukuta kijana na ile chupa nyuma ya kanisa.”

Hénock alipinga. Akaambiwa kwamba yeye si mtu wa huku. Éliakim hakupinga. Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na sharti la nta aliliona kuwa la haki: kitu kilichozibwa kinafika kama kilivyotoka.

Mnywaji yeyote wa Manguredjipa angewaambia vinginevyo. Hakuna kinywaji kilichovuka kizuizi kile kikiwa kamili. Askari walichota, wakajaza maji ya mtoni ili bidoni irudie uzito wake, na wanywaji walikuwa wameizoea ladha hiyo, wakaitania. Lakini katika baraza la wazee hapakuwa na mnywaji wa kuyasema hayo.

Jéthro aliyajua. Siku ya kwanza askari walipokata nta mbele yake, alisimama na chukudu yake akifikiria njia ya kurudi. Nta iliyovunjika ingekuwa na maelezo mamoja tu kanisani: Jéthro amekunywa. Angetengwa kwenye meza ya Bwana, na mke wake aliongoza kwaya. Alinunua mshumaa, akaziba upya, akanyamaza. Bidoni hiyo ndiyo iliyokuwa stoo Jumanne ya tarehe 6 Novemba, siku Christa alipoletwa.

Christa alikuwa mdogo wake Éliakim, wa mwisho kwa mama yao. Wazazi walipofariki, ni yeye Éliakim aliyemlea. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama, na muuguzi alisema asingetoka bila kisu. Tanki lilikuwa na petroli chini ya robo. Éliakim alivunja nta, akamwaga bidoni yote kama alivyoagizwa, akawasha. Injini iliitika, kwa sababu bomba lilikuwa bado na petroli ya zamani.

Njiani gari lilikuwa likirukaruka, na kurukaruka huko kuliendelea kuuvuruga mchanganyiko, maji yasitulie chini. Injini ilikohoa, ikaenda.

“Yaya,” Christa alimwambia kaka yake kutoka nyuma, meno yamebana, “haya mashimo yote, uliyachimba weye?”

“Ni wachimbaji wa dhahabu. Wamekosa kule, wanatafuta huku.”

Alimsikia akicheka, kisha akasikia kicheko kikigeuka mguno wa uchungu.

Kwenye kizuizi kamba ilikuwa imefungwa. Kamanda alikuwa anakula, na hakuna aliyevuka kabla hajanawa mikono. Éliakim alizima injini ili kuokoa mafuta. Gari likatulia, na ndani ya tanki kila kitu kikatulia pia: petroli ikapanda juu, alkoli na maji yake vikalala chini, pale bomba linapofyonzea.

Askari mmoja aliegemea mlango. “Papa chauffeur, mbote. Gari yako inanuka muzuri kupita sisi wote.”

“Iko mugonjwa ndani, chef. Mama wa mimba. Tafadhali.”

“Chef anakula. Lakini mwambie ule mutu wenu wa chukudu alete tena. Ile ya juzi ilikuwa moto! Tulichota kidogo, tukamurudishia na maji, asipate matata kwa bapasteur.”

Éliakim aligeuza uso. “Maji?”

“Ya mutoni. Safi kabisa.”

Alizungusha ufunguo papo hapo. Injini ilizunguka, ikapiga chafya, ikafa. Hakujaribu tena. Aliingia chini ya gari, akafungua kizibo cha tanki, akaacha mafuta yamwagike kwenye beseni la muuguzi aliyewasindikiza, akingoja maji na alkoli viishe na petroli ianze. Alivua kabureta, akaipuliza, akaikausha kwa shati lake. Kamanda alimaliza kula, kamba ikashushwa, na jeep ilikuwa bado imesimama katikati ya njia. Jua lilikuwa limeshavuka utosi injini ilipowaka. Petroli iliyobaki haikutosha kufika Butembo. Alijua hivyo alipotia gia.

Gari lilizimika kwenye mlima kabla ya Njiapanda. Wanaume waliokuwa wakitoka shambani walikata miti, wakafunga tipoy kwa kamba za gari. Éliakim alishika mti mmoja. Njiani Christa aliomba wasimame. Walisimama. Alifariki hapo, mtoto akiwa tumboni, mabati ya soko la Njiapanda yakionekana bondeni.

Jéthro alikiri baada ya mazishi, bila kuulizwa. Baraza lilikutana tena. Éliakim alisimama mbele ya wazee, akasema aliyokuja kusema: alkoli haikuua mtu, maji ndiyo yaliyoua, na maji yaliingia kwa sababu hapakuwa na chupa. Aliomba chupa irudishwe. Angepima hadharani, mlangoni mwa kanisa, kila mtu akitazama.

“Ni dada yako aliyekufa,” Manassé alimwambia kwa upole, “na bado unaitetea pombe?”

“Ninatetea gari, mzee.”

“Gari ya Mungu haitatembea tena na ile kitu.”

Hapo ndipo kikao kilipofungwa. Jéthro alitengwa kwa mwaka mmoja. Alkoli ilikatazwa kabisa, hata ya maabara. Tangu siku hiyo jeep imesimama chini ya paa la majani, magurudumu yamewekewa mawe, ikingoja petroli ambayo haijafika. Hénock alikuwa akiitunza betri yake ili isife, mpaka juzi, ilipokufa.

Élodie, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, alishawahi kupasuliwa na hawezi kuzaa hapa. Jumatatu asubuhi ataondoka kwenda Butembo kwa tipoy. Éliakim atabeba mti wa mbele, upande wa kushoto.